Majina Tumboni mwa Ngoma

Walikuwa ishirini. Lishike hilo, maana habari hii ikisimuliwa kwenye vilabu vya pombe ya komoni huongezwa chumvi mpaka unasikia walikuwa mia. Kikundi cha mganda cha Bombambili kilikuwa na wachezaji ishirini, kepteni wao akiwemo, na kila Jumamosi saa kumi jioni walijipanga mstari mmoja nyuma ya stoo ya mahindi, kaptura nyeupe, soksi mpaka magotini, wakahesabu namba kwa sauti kabla ya kucheza. Moja! Mbili! Tatu! Mganda wenyewe ni ngoma ya kuiga askari. Babu zetu waliwaona maaskari wa wakoloni wakipiga kwata, wakasema hata sisi tunaweza, tena kwa madaha zaidi.

Jumamosi moja namba zilikwenda vizuri mpaka kwa Leo, mtoto wa kepteni, aliyekuwa wa mwisho mstarini. Leo akasema, "Ishirini!" Halafu kushoto kwake, pale pasipokuwa na mtu, mtu akasema, "Ishirini na moja."

"Nani huyo analeta utani?" kepteni aliuliza.

Wakacheka wote, kila mmoja akimtuhumu mwenzake. Leo peke yake hakucheka. Alisema baadaye kwamba kulikuwa na harufu pale kushoto, ya blanketi lililolowa na kiberiti kilichozimwa, na juu ya harufu hizo kulikuwa na nyingine, ya kidonda.

Kepteni huyo ndiye Fulgence. Mwaka ulikuwa wa tisini na moja, enzi za ruksa, kila mtu na biashara yake. Sabuni tuliyoipangia foleni jana, leo inamwagwa chini sokoni hakuna anayeigeukia. Malori yalikuja Songea kutoka Dar es Salaam yamejaa vitu vya Wamarekani vilivyochoka: mapazia, mabirika, vitanda vya watoto. Unanunua kreti limefungwa, kilichomo ni bahati yako. Fulgence alifungua kreti moja, akatoa mapazia, na chini kabisa akakuta ngoma.

Ilikuwa ya mbao nyembamba iliyokunjwa duara, kimo cha goti, kamba zimeizunguka, na ubavuni imechorwa tai ambaye rangi yake ilikuwa imefifia. Ngozi ya chini ilikuwa nzima, ya juu imeoza. Mtu mwingine angeifanya kigoda cha kukalia jikoni. Lakini Fulgence alikuwa na wazimu wa mganda, miaka kumi na miwili ya ukepteni, na alipoiona tu alijua kwamba vikundi vya Lizaboni na Mfaranyaki vitakufa kwa wivu.

Sasa sikiliza kosa lilipo. Kikundi kile kilikuwa na desturi yake: ngoma mpya, kabla haijawambwa, huandikwa majina ya wachezaji kwa ndani, tumboni. Walisema mtu ambaye jina lake limo tumboni mwa ngoma hatoroki, ikilia atakuja hata kama yuko Mpitimbi analima. Yalikuwa maneno ya kuchangamshana tu. Fulgence alipobandua ngozi iliyooza aliona ndani mna majina tayari, mistari na mistari ya wino wa kahawia, kwa Kiingereza. Hakujisumbua kuyasoma. Alichukua kalamu, akaanza pale pale chini ya jina la mwisho, akaandika lake la kwanza kwa sababu yeye ndiye kepteni, akashuka mpaka la ishirini, la Leo. Kisha akawamba ngozi mpya ya mbuzi, akaianika, akalala na furaha zake.

Mke wake aliitwa Leticia. Leo alikuwa mtoto wake wa nne kuzaliwa na wa kwanza kuishi, wengine watatu wako makaburini, wala hakupata mwingine. Kijana alikuwa na miaka ishirini na alishapata barua ya chuo cha ualimu, aripoti Januari. Leticia alikuwa amemshonea mashati manne na kila jioni aliyatoa kabatini kuyakunja upya, kana kwamba yalijikunjua yenyewe mchana. Ukitaka kumjua mama huyu, basi, alikuwa na kitu kimoja tu duniani na kilikuwa na miguu miwili.

Chumba cha uani alilala Rupert, mdogo wake Fulgence. Mtu wa miaka thelathini na minne, mpole kupita kiasi, akili yake nzima ila ya taratibu. Ndiye aliyebeba makreti, aliyepasua kuni, aliyeteka maji. Baba yao alipokufa aliwaachia shamba Mpitimbi, nusu kwa nusu, mbele ya wazee. Kila mwaka Fulgence alimwambia, "Mdogo wangu, mwaka huu tukishavuna nakukabidhi nusu yako, ujenge, uoe." Miaka kumi na mmoja sasa. Na kila mwaka Rupert alisema ahsante kaka. Mtu mwema naye wakati mwingine anaudhi, jamani, unatamani umtikise.

Jumatatu alfajiri, kabla hata kengele ya kanisa haijalia, Leticia aliamshwa na ngoma. Ilipigwa stoo ilikowekwa, si mapigo ya mganda, mapigo ya haraka, makavu, kama mvua ya mawe kwenye bati. Alimgeukia mumewe. Fulgence alikuwa macho, amejifunika blanketi mpaka kichwani, anatetemeka.

"Baba Leo, unasikia?"

"Panya."

"Panya gani wanapiga ngoma?"

"Nimesema panya. Lala."

Jumanne alfajiri ngoma ikalia tena, na ilipokoma sauti ikaita kutoka uani. Ilikuwa sauti ya Fulgence, ile ile ya uwanjani, kali na fupi. "Leo!" Leticia aliisikia, na mkono wake ukaenda wenyewe kumgusa mumewe, akamkuta pale pale kitandani ubavuni mwake, kimya, jasho linamtoka. Kabla hajafungua mdomo kumzuia mwanawe, kutoka chumba cha pili kijana akajibu kwa nguvu, "Nipo!"

Sasa usiniulize kwa nini alijibu. Kila mtu Songea anajua kwamba ukiitwa na usiyemwona hujibu. Lakini katika nyumba ile mtoto aliyeitwa na baba yake mara mbili alichapwa. Leo alifundishwa kujibu mwito wa kwanza tangu ana miaka mitatu, alijibu hata usingizini. Baba alijivunia sana jambo hilo mbele ya watu.

Asubuhi hiyo Leo aliomba soksi. Ulikuwa mwezi wa kumi, joto la kabla ya mvua, mbwa wamelala kwenye vivuli ndimi nje, na kijana anaomba soksi. Jumatano akaomba blanketi la pili. Leticia alimpelekea uji, akaona mwanawe akipumua moshi mweupe, kama watu wa Njombe mwezi wa saba, chumba chenyewe kikiwa na joto la kuvulia shati. Akafunua blanketi. Vidole vya miguu vilikuwa vyeusi, si weusi wetu huu, weusi wa gunzi lililoungua, na alipovigusa vilikuwa baridi na vigumu, na kimoja, kile kidogo cha mwisho, kikamwachia mkononi kama punje ya hindi bovu, bila damu, huku Leo akimwangalia usoni na kumwuliza, "Mama, kuna nini? Mbona unalia?"

Hakusikia maumivu yoyote. Hilo ndilo lililomtisha kuliko vyote.

Wakampeleka hospitali kwa mkokoteni, Rupert akisukuma. Daktari aliitazama miguu ile muda mrefu.

"Huyu kijana alikuwa wapi?"

"Nyumbani, daktari," Leticia alisema.

"Mama, niambie ukweli. Miguu ya namna hii nimeiona kitabuni tu. Hii ni miguu ya mtu aliyetembea peku kwenye theluji siku nyingi." Akafuta miwani yake. "Tukate kesho, chini ya magoti. Tukichelewa itapanda."

Fulgence akasema anaomba siku mbili za kushauriana na wazee, akamrudisha mwanawe nyumbani. Jioni hiyo aliitoa ngoma stoo, akaimwagia mafuta ya taa, akaiwasha. Moto ulipoishika mbao tu, Leo alipiga ukelele chumbani, na Leticia akatoka mbio akipiga mayowe kwamba moshi unatoka mdomoni mwa mtoto. Rupert ndiye aliyeizima ngoma, kwa mikono yake mitupu, akababuka viganja vyote viwili. Hakuna aliyemwambia pole.

Ndipo wakamwita Mwalimu Gaspari, jirani, mzee mstaafu aliyefundisha historia na Kiingereza miaka mingi. Ngozi ilikuwa imeungua, tumbo la ngoma liko wazi. Mzee akawasha tochi, akaingiza kichwa.

"Shikamoo, Mwalimu, tuambie basi," Leticia alisema, mikono kifuani.

"Marahaba, mwanangu. Subiri. Wino umechoka." Akasoma kimya, midomo inacheza. "Hii ni ya zamani sana. Miaka zaidi ya mia mbili. Hawa ni askari wa Amerika, wa jeshi lao la kwanza kabisa, lile lililompiga mfalme wa Mwingereza."

"Sasa askari wa Amerika na Bombambili wapi na wapi?" Fulgence aliuliza.

"Nyamaza nikwambie. Halikuwa jeshi kama hili unaloliona kwenye magazeti leo, na ndege zake. Lilikuwa la wakulima, wahunzi, washona viatu. Wenyewe viatu hawana! Majira ya baridi walikaa kwenye vibanda vya magogo, theluji mpaka hapa, wanafunga miguu kwa vipande vya blanketi. Waliokufa kwa njaa, homa na baridi ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Ngoma kama hii ndiyo ilikuwa saa yao. Ikilia alfajiri, wanatoka, wanaitwa majina. Aliyepo anajibu." Akageuza tochi. "Nani kaandika majina yenu humu?"

"Mimi," Fulgence alisema.

"Umeandika chini ya huyu. Unajua ni nani?" Mzee akasoma taratibu, kisha akatafsiri. "Pompey, badala ya bwana wake, Josiah Weld. Januari, mwaka elfu moja mia saba sabini na nane."

"Badala vipi?"

"Kulikuwa na sheria hiyo. Tajiri akiandikwa jeshini, na hataki kufa, anaruhusiwa kuleta mtu mwingine asimame mahali pake. Wapo waliowaleta watumwa wao. Anamwambia, nenda kapigane wewe, ukirudi nakupa uhuru wako. Wengine waliupata. Wengine walirudi wakafungwa kamba tena, mabwana wakakana maneno yao. Na wengine hawakurudi."

"Kwa hiyo huyu alikuwa mweusi," Leticia alisema.

"Mweusi kama mimi na wewe."

Ndani Leo alikuwa anaimba polepole, wimbo usio wa kwetu, na meno yanagongana.

Ijumaa akaja Bi Zuhra. Huyu alikuwa Myao wa Tunduru, mjane wa muuza korosho, mpunga pepo aliyejulikana mpaka Masasi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Alifika adhuhuri, akapiga bismillahi mlangoni, akanusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Baruti," alisema. "Na usaha."

Alifukiza ubani na udi, akamfunika Leo shuka jeupe, akasoma alichosoma. Haikuchukua muda. Kijana aliyekuwa hawezi kugeuka kitandani akakaa wima, mabega nyuma, kidevu juu, na alipopumua moshi wake ulisukuma moshi wa ubani ukarudi kwenye chetezo, na shuka likaanza kulowa kutoka ndani, maji baridi yakitiririka mpaka chini kwenye mkeka, mpaka kwenye magoti ya mama yake aliyekuwa amepiga magoti pale.

"Asalaam alaikum, mgeni," Bi Zuhra alisema kwa sauti ya chini. "Umekalia kiti cha watu. Nini shida yako?"

Kinywa cha Leo kikajibu, kwa Kiswahili cha Leo, lakini polepole kama mtu anayeokota maneno sakafuni. "Mwenye jina hakuja. Nilisimama mimi."

"Tunajua. Umedhulumiwa. Huyu mtoto hakukudhulumu."

"Aliitwa. Alijibu. Yumo."

"Unataka nini umwache? Sadaka? Mbuzi? Nguo?"

"Nafasi yake ijazwe."

Fulgence, aliyekuwa amejibana mlangoni, akaruka. "Akija mwingine? Tukileta mwingine asimame badala yake, utamwacha mwanangu?"

Bi Zuhra alimgeukia kwa hasira, lakini maneno yalikwisha kutoka. Kile kilichokuwa ndani ya Leo kilimtazama Fulgence, na kikacheka. Kicheko kirefu, cha chini chini, mate yakimtoka kijana wa watu.

"Mleteni," kilisema. "Jumapili, jua la utosi. Nimeshaona watu wakileta watu."

Leo akaanguka kwenye mto. Bi Zuhra akaanza kukusanya vitu vyake kwa haraka.

"Bibi, unakwenda wapi? Hatujamaliza!" Leticia alimshika kanga.

"Niachie, binti yangu. Huyu hakuzaliwa jini. Huyu ni mtu aliyekasirika mpaka jini likapata pa kukaa ndani ya hasira yake. Kwetu Tunduru ilipita njia ya Kilwa, watu waliouzwa nawajua, wana hesabu zao. Na jini akicheka unapompa kitu, ujue hajakubali, anakungoja ukosee." Akamtazama Fulgence juu mpaka chini. "Mwambie mumeo jina lake ndilo la kwanza chini ya yule. Akitaka nafasi ijazwe, anayo mwenyewe. Mimi napunga mashetani, siuzi watu."

Akaondoka bila kuaga.

Usiku huo mume na mke hawakusemezana mpaka taa ilipoisha mafuta. Gizani Fulgence ndiye aliyeanza.

"Mimi nikifa nani atawalisha?"

Leticia akavuta blanketi.

"Rupert hana mke. Hana mtoto. Hana hata wa kumlilia."

Fulgence akasogea karibu naye.

"Mama Leo, sema kitu."

"Jumapili nitachinja jogoo," Leticia alisema. Ndivyo alivyosema, na mimi simtetei. Aligeukia ukutani akalala, au alijifanya kulala.

Jumapili hawakwenda misa. Leticia alipika jogoo na wali, na sahani ya Rupert aliijaza mwenyewe. Na juu ya nyama akaweka firigisi. Unajua firigisi ni ya nani, ni ya mwenye nyumba. Tangu baba yao azikwe Rupert hakuwahi kuonja firigisi. Aliitazama, akamtazama kaka yake, akadhani imekosewa.

"Kula, mdogo wangu," Fulgence alisema. "Siku ya leo wewe ndiye mkubwa. Tumekuingiza kwenye mstari wa mganda."

Rupert aliweka tonge chini. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akikaa kwenye matofali kuwatazama wenzake wakicheza, na kila alipoomba aliambiwa wewe mzito, utaharibu mstari. Machozi yakamtoka. "Kweli, kaka?"

"Kweli. Vaa nguo za mwanangu. Utasimama badala yake, yeye mgonjwa. Likiitwa jina lake, wewe unajibu, nipo. Basi."

"Naweza," Rupert alisema. "Hilo naweza kabisa, kaka."

Leticia alimvalisha soksi mwenyewe, kwa sababu viganja vya Rupert vilikuwa bado vina malengelenge ya moto. Alimvalisha bila kumwangalia usoni. Rupert akasema, "Ahsante, shemeji, Mungu akubariki," na Leticia akakimbilia nyuma ya jiko.

Saa sita kamili walikuwa uani. Jua liko utosini, hakuna kivuli, kuku wamejificha. Leo alilazwa kwenye mkeka kibarazani, weusi umeshapita magoti. Ngoma iliwekwa katikati ya ua, tumbo wazi, haina ngozi ya juu, haina cha kupigwa. Rupert akasimama mbele yake, kaptura ya Leo inambana, kifua mbele, anatabasamu.

Ngoma ikalia. Haina ngozi, nakwambia, ikalia, mapigo yale yale makavu, na jua likiwaka vile vile baridi ikaingia uani kutoka kwenye lango, ikapita chini chini, maji kwenye ndoo yakafanya utando mweupe, majani ya mgomba yakaning'inia, na kushoto kwa Rupert vumbi likaonyesha nyayo, moja, nyingine, nyayo za mguu usio na vidole, zikaja zikasimama sawa naye mstarini.

"Leo!" iliita ile sauti ya Fulgence, na Fulgence mwenyewe amesimama pale mlangoni midomo imebanwa.

"Nipo!" Rupert alijibu, kwa nguvu mpaka njiwa wakaruka.

Kibarazani Leo alivuta pumzi ndefu. Weusi ukaanza kushuka, magotini, kwenye miundi, vifundoni, na nyuma yake damu ikirudi, ngozi nyekundu, joto, na kwa mara ya kwanza katika siku tano akalia kwa maumivu ya miguu. "Mama, inauma! Mama, miguu inauma!" Leticia aliangukia miguu ile akaibusu, anacheka na kulia pamoja, anasema inauma, baba, inauma, ahsante Mungu inauma.

Na Rupert bado amesimama wima. Sauti sasa haikuwa ya Fulgence. Ilikuwa ya mtu mwingine, ya chini, imechoka, na ilisemea sikioni mwa Rupert, lakini wote waliisikia.

"Wewe si Leo."

"Hapana, mzee. Mimi ni Rupert."

"Nani amekuleta?"

"Kaka."

"Amekuahidi nini?"

Rupert akafikiri. Alikuwa mtu wa kweli, akiulizwa hujibu. "Shamba la baba. Nusu."

"Amekupa?"

"Mwaka huu. Tukishavuna."

Utando kwenye ndoo ukapasuka. "Toka mstarini," sauti ilisema, karibu kwa upole. "Nenda shambani kwako." Na Rupert, ambaye hakuwahi kuamriwa kitu kizuri na mtu yeyote, akatoka mstarini, akafungua lango, akaenda zake Mpitimbi na nguo nyeupe za mganda, kwa miguu. Yupo huko mpaka leo, amejenga, ameoa, wala hajaguswa.

Lango lilipofungwa, nyayo ziligeuka.

"Fulgence!"

Leticia aliinua kichwa.

"Jumatatu nilimwita huyu, wewe ungali usingizini," sauti ilimwambia Leticia, "ndiye wa kwanza chini yangu. Alinisikia. Alijifunika blanketi. Nilimwambia asipojibu nitaita wa mwisho, hakumwonya mtoto." Kisha, "Fulgence!" mara ya pili.

"Baba Leo, jibu," Leticia alisema. Mwanzoni alisema taratibu, kama anamkumbusha kitu. "Jibu, mume wangu. Sema nipo. Neno moja tu." Fulgence alitikisa kichwa. Leticia akamwendea kwa magoti, akamshika suruali. "Mwanao yule! Angalia, weusi unapanda tena, angalia! Jibu! Jibu, Baba Leo, nakuomba kwa Bikira Maria, jibu!" Fulgence alitoa leso mfukoni, akaisokomeza mdomoni, na juu yake akaweka mikono yote miwili. Kepteni huyo. Aliyemchapa mtoto kwa kuchelewa kujibu.

"Nipo mimi!" Leticia alipiga kelele akigeukia nyayo. "Nichukue mimi, nipo, nipo!"

"Wewe hukuandikwa," sauti ilisema.

"Baba," Leo aliita kibarazani, moshi ukimtoka. "Baba, wanakuita."

"Fulgence!"

Mara ya tatu. Fulgence alifumba macho.

Weusi haukupita magotini tu safari hii. Ulipanda mapaja, ukapanda tumbo, ngozi ikilia kama karatasi, na Leo akiutazama unapanda, hana maumivu tena, anaeleza tu, mama sasa kiuno sisikii, mama sasa mikono, mama nishike, na mama anamshika na hakuna cha kushika chenye joto, mpaka ulipofika shingoni akanyamaza. Walipokuja majirani walikuta mwili umekakamaa mgumu kabisa, na barafu juu ya nyusi zake ikawa inayeyuka juani. Jeneza lilibidi liwe fupi, maana viungo vilivyomwachia uani vilizolewa kwa koleo.

Ngoma ilitupwa mto Ruvuma. Kikundi kilivunjika. Fulgence anaishi, tena ana afya, na bado anauza sokoni, lakini ukimwita jina lake hageuki. Mshike bega, sawa, atazungumza. Mwite kwa jina, atabana midomo na kuangalia chini, awe paroko, awe mteja, awe mtoto. Anajua kwamba jina lake bado halijajibiwa.

Leticia hakumwacha. Watu walishangaa, wakasema mwanamke yule ana moyo, amesamehe. Kwa miaka ishirini alimwita Baba Leo, na tangu waoane hakuwahi kulitamka jina la mumewe, si adabu kwetu. Sasa analitamka. Anampikia, anamfulia, anamtandikia, na kila alfajiri anaamka kabla yake, anakwenda chumba cha pili, kile cha mtoto, anafunga mlango, anakaa kitandani na mashati manne mapajani. Anangoja mpaka asikie mumewe anajigeuza, yuko katikati ya usingizi na kuamka, pale mtu anapojibu kabla hajafikiri.

Ndipo anaita, kwa sauti tamu kabisa, "Fulgence?"